Nyumba Inayomngoja Mgeni

Akina mama wenzetu, sote tunaijua methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaitamka kwa furaha, na wengine wetu tumeifuma kwenye vitambaa vya makochi. Lakini tuseme kweli. Hodi ikipigwa saa moja ya jioni, mkaa umekwisha na mtoto ana homa, ni wangapi kati yetu huhisi kupona? Wengi huhisi mzigo. Tunatabasamu mlangoni, kisha tunakwenda jikoni kuhesabu mayai.

Katika vikundi vyetu vya akina mama kanisani tumelizungumza suala la ukarimu mara nyingi, na karibu kila mara mazungumzo huishia kwenye pesa. Mwenye nacho atapokea wageni, asiye nacho atasamehewa. Makala haya yanataka kulitazama jambo hili kwa upande mwingine, upande wa nyumba yenyewe na moyo wa anayeitunza. Upande huo tuliuona mbali sana na kwetu, katika nyumba ya wageni ya mbao kando ya bahari, nchini Japani.

Mwaka 2014 sisi wauguzi wanne wa Tanzania, wote wanawake, tulikuwa Japani kwa mafunzo ya wiki sita ya usimamizi wa wodi. Wauguzi wengi wa hapa kwetu wanaujua uhusiano huu. Ule utaratibu wa kupanga mahali pa kazi ambao tunaukariri kama Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia asili yake ni Japani, na hapa nchini ulianzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007. Mwishoni mwa juma moja tulichanga posho zetu, tukapanda treni kutoka Tokyo hadi Ito, mji mdogo wa pwani katika rasi ya Izu, mwendo wa kama saa mbili. Mratibu wetu, mama wa Kijapani aliyekuwa akitutafsiria, alifuatana nasi.

Mlangoni

Nyumba za wageni za jadi za Wajapani huitwa riokani. Ziko za milimani na ziko za pwani, na baadhi ni za kale ajabu. Moja iliyoko mkoa wa Yamanashi huhesabiwa kuwa ilianzishwa mwaka 705. Ile tuliyofikia sisi haikuwa na fahari hiyo. Ilikuwa ya ghorofa mbili, mbao zake zimepiga weusi kwa umri, paa lake la vigae, na upenu wake mrefu wa kukinga mvua na jua la kiangazi. Juu ya mlango lilining'inia pazia fupi la kitambaa lenye jina la nyumba, na ili kuingia ilitubidi tuliinue kwa mkono na kuinama kidogo.

Ndani ya mlango kuna mahali padogo palipo chini kuliko sakafu ya nyumba, panaitwa genkani. Vumbi la barabara huishia hapo. Mgeni huvua viatu, hupanda ngazi moja, na kwa hatua hiyo moja anajua kwamba amekwisha kutoka njiani na kuingia nyumbani mwa watu. Juu ya ngazi alikuwa amepiga magoti mama mwenye nyumba, ambaye Wajapani humwita okami, akatuinamia hadi paji la uso likakaribia sakafu.

Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Pangani, hakuona ajabu kuhusu viatu. Kwao pia kiatu hakivuki kizingiti, na baraza hufanya kazi ya kumpokea mtu kabla hajaingia ndani. Kilichotugusa sote tulikiona kesho yake asubuhi. Viatu tulivyovivua kwa uchovu wa safari tulivikuta vimepanguswa na kugeuzwa, ncha zikielekea nje, tayari kwa kuvaliwa. Kuna mtu aliyeinama nyuma yetu, akafanya kazi hiyo bila kuonekana wala kusema neno. Tulimkumbuka Bwana wetu usiku ule aliposhika beseni na kujifunga taulo kiunoni.

Chumba kimoja, kazi tatu

Tulipoonyeshwa chumba, mwenzetu mmoja aliuliza kwa Kiswahili, "Jamani, vitanda viko wapi?" Chumba kilikuwa kitupu. Sakafu yote ilikuwa mikeka minene ya tatami, meza moja fupi katikati, na mito ya kukalia. Mkeka mmoja wa tatami una kama sentimita 90 kwa 180, yaani nafasi ya mtu mmoja kulala, na unene wa sentimita tano au sita. Kiini chake kwa desturi ni mabua ya mpunga yaliyoshindiliwa, na juu hufumwa majani membamba yenye harufu nzuri. Wajapani huhesabu ukubwa wa chumba kwa mikeka, na chetu kilikuwa cha mikeka 12.

Sehemu kubwa ya kuta za ndani ni milango ya kuteleza. Iko inayoitwa shoji, fremu nyembamba za mbao zilizowambwa karatasi nyeupe. Jua kali la baharini likipita hapo hupoa na kuwa mwanga mtulivu usioumiza macho. Iko pia fusuma, mizito kidogo na isiyopitisha mwanga. Hiyo ikiondolewa, vyumba viwili huwa ukumbi mmoja, na familia ikija na babu, bibi na wajukuu, nyumba hujipanua iwatoshe. Upande wa bahari palikuwa na ubaraza mwembamba wenye viti viwili na meza ndogo. Viti vile vilitazama Ghuba ya Sagami na kisiwa kidogo cha Hatsushima. Hakuna aliyevielekeza kwenye televisheni. Pembeni ya dirisha zilikuwapo mbao nzito za kuvutwa na kufungwa wakati wa tufani, kwa maana bahari ile ina siku zake za hasira.

Ukutani palikuwa na kidaka kikubwa, kiitwacho tokonoma. Ndani yake mlitundikwa mchoro mmoja wa wino na chini yake ua moja ndani ya chombo. Basi. Hakuna anayeweka begi wala mguu pale. Tuliambiwa kwamba mgeni wa heshima huketishwa karibu na kidaka hicho, akikipa mgongo. Tulifikiri kidogo tukaelewa. Pambo halikuwekwa ili mgeni alishangae. Mgeni ndiye hukaa mbele ya pambo, na wenzake wakimtazama humwona yeye pamoja na uzuri ule.

Hapo tulizungumza sana juu ya sebule zetu. Kabati la vyombo visivyotoka ila kwa harusi, makochi makubwa yasiyoacha njia, meza juu ya meza. Mara nyingi mgeni huketi upande upande akihofia kuangusha kitu. Sebule yetu humwambia tunavyo hiki na kile. Chumba kile kitupu kilituambia kwamba nafasi hii ni yenu.

Na chumba hicho hicho kilifanya kazi tatu. Mchana tulinywa chai humo. Jioni kikawa chumba cha chakula. Usiku meza ikasogezwa, magodoro ya futoni yakatolewa kabatini na kutandikwa juu ya mikeka, na asubuhi yakakunjwa na kurudishwa. Akina mama wanaoishi chumba kimoja Manzese au Mwanjelwa hufanya hivyo hivyo kila siku ya Mungu, na wengi wao huona aibu mgeni akija. Dada zetu, msione aibu. Jambo mnalolifanya kwa dhiki, wenzetu wamelifanya kuwa ustadi wa nyumba, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kulala ndani yake.

Kuuliza kabla, kunyamaza baadaye

Ito ni mji wa chemchemi za maji ya moto. Bafu ya wanawake iko peke yake na ya wanaume peke yake. Kwanza mtu huketi kwenye kigoda na kujisugua mpaka atakate kabisa, ndipo huingia katika bwawa la maji ya moto pamoja na wenzake, maana maji ni ya wote. Baada ya kuoga tulivaa yukata, vazi jepesi la pamba. Mama mtumishi wa chumba chetu alitufunga mmoja mmoja, kila mara upande wa kushoto ukilala juu ya ule wa kulia. Mratibu alitueleza kwamba kinyume chake huvishwa maiti. Sisi ambao tumewavisha marehemu wengi wodini tulielewa kwa nini yule mama alikuwa makini vile, ingawa hakusema lolote la kututia hofu.

Chakula kililetwa chumbani katika vyombo vidogo vidogo: wali, supu, mboga za siki, samaki aliyepikwa kwa mchuzi wa soya, na asubuhi samaki wa kukausha aliyechomwa, ambaye pwani ile inasifika kwaye. Mchana okami alikuwa amemwuliza mratibu wetu kimya kimya ni nani hali nini. Mwenzetu mmoja hawezi samaki mbichi. Jioni sahani yake ilikuja na samaki wa kuchoma, imepambwa sawasawa na zetu, na hakuna aliyetangaza habari hiyo mezani. Tuliposimama kuomba, tukasahau kwamba mama mtumishi alikuwa njiani na sinia. Alisubiri nyuma ya mlango wa karatasi, tukakiona kivuli chake kimepiga magoti, na hakuufungua mpaka aliposikia amina.

Jambo hili lilitufundisha kuliko mengine. Mwenyeji yule aliuliza mapema, akatengeneza, kisha akanyamaza. Mara nyingi sisi hufanya kinyume. Hatuulizi, tunapika tunachojua, halafu tunamsimamia mgeni na kumlazimisha: "Ongeza, mbona huli, au chakula chetu hukipendi?" Mgeni mwenye kisukari au shinikizo la damu hula chumvi na sukari kwa kuogopa kutuudhi, na sisi wauguzi humpokea kliniki wiki inayofuata.

Mwanamke aliye nyuma ya pazia

Tulimwomba okami aketi nasi kidogo baada ya chakula. Aliingia nyumba ile kama bibi harusi, akafundishwa kazi na mama mkwe. Huamka saa kumi na moja alfajiri, na hulala baada ya mgeni wa mwisho. Alituonyesha daftari lake: huyu goti linamsumbua, apewe chumba cha chini, yule hali kamba, hawa walifiwa na mtoto mwaka jana. Tulitazamana. Lilikuwa kama kadi za wagonjwa wetu, tena limeandikwa kwa uangalifu kuliko baadhi ya kadi zetu.

Hakutuficha ugumu. Alisema miaka ya kwanza alilia mara nyingi jikoni, na kwamba binti yake hataki kurithi kazi hii. Nyumba za namna ile zimepungua sana tangu miaka ya 1980. Nasi tusiifanye kuwa peponi. Ukarimu ule unalipiwa, tena si kidogo, kwa kila kichwa, pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi. Mama wa nyumbani hapa kwetu halipwi kitu. Kwa hiyo funzo si kwamba mama ajichoshe zaidi. Funzo ni kwamba kazi ya ukarimu ni kazi kweli, na mume na watoto wanaoifurahia wanapaswa kuishika pamoja naye.

Mlango uliofungwa, mlango uliofunguliwa

Turudipo Tokyo, mwalimu wetu wa mafunzo alitusimulia habari mbili, na hizo ndizo zilizotufanya tuandike.

Ya kwanza ni ya Novemba 2003. Katika mkoa wa Kumamoto kuna kituo kinachoitwa Kikuchi Keifuen, walikotengwa watu waliougua ukoma. Sheria iliyowatenga ilifutwa mwaka 1996, na mwaka 2001 mahakama ilisema kwamba serikali ilikosa kwa kuwafungia hivyo. Wazee wale walikwisha kupona zamani. Ikapangwa safari yao ya kupumzika katika hoteli moja ya chemchemi za moto. Hoteli ilipojua ni akina nani, ilikataa kuwapokea, kwa sababu eti wageni wengine wangeudhika. Habari ikashtua nchi nzima. Na wazee walipokataa namna walivyoombwa radhi, walipelekewa barua nyingi za matusi.

Ya pili ni ya pwani. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa lilileta mawimbi ya tsunami kaskazini mashariki mwa nchi. Katika mji wa Minamisanriku zaidi ya watu 800 walikufa au hawakuonekana tena. Hospitali ya mji nayo ilifurikwa, na wagonjwa wengi wakafa. Juu ya mwamba ukingoni mwa ghuba kulikuwa na hoteli kubwa ya Minami Sanriku Hotel Kanyo. Maji yaliharibu sehemu zake za chini, lakini jengo lilisimama. Hoteli hiyo, ikiongozwa na okami wake, ilipokea takriban watu 600 wa mji ule waliopoteza nyumba zao, wakaishi humo kwa miezi, wakati maji ya bomba yenyewe yalikuwa yamekatika.

Akina mama, nyumba hizi mbili zilikuwa za taifa moja na desturi moja. Kote wanajua kuinama, kote wanatandika futoni vizuri. Tofauti ilionekana siku alipofika mgeni ambaye si wa kuleta faida wala sifa.

Kikombe chenye alama

Na kwetu je? Katika kuwatembelea wagonjwa majumbani kwa niaba ya kanisa tumeona nyumba zenye mapazia mazuri na Biblia mezani, ambamo binti wa marehemu dada mtu amepokewa, lakini ana kikombe chake peke yake, kimetiwa alama ya rangi ya kucha. Amepokewa, na bado yuko nje. Virusi vya UKIMWI haviambukizi kwa kikombe, wala kwa sahani, wala kwa kulala chumba kimoja, na anayetumia dawa vizuri huishi na kufanya kazi kama sisi. Mwenye ukoma naye huacha kuambukiza wengine mapema baada ya kuanza dawa mseto. Alama ile kikombeni haimkingi mtu yeyote. Kazi yake ni moja tu, kumkumbusha mtoto kila asubuhi kwamba pale si kwao.

Tusisahau kwamba Mwokozi wetu alizaliwa katika mji ambao nyumba ya wageni haikuwa na nafasi. Na tumkumbuke yule mama Mshunami katika 2 Wafalme sura ya 4. Aliona mtu wa Mungu anapita mara kwa mara, akazungumza na mumewe, wakamjengea chumba kidogo juu, wakaweka kitanda, meza, kiti na taa. Vitu vinne tu. Hakungoja awe tajiri wa vyombo, na hakuamua peke yake. Walifanya wote wawili.

Kwa hiyo tunawaachia mambo machache ambayo hayahitaji fedha nyingi:

1. Tenga mahali pa viatu na kandambili za bafuni, mgeni asiulize.
2. Ondoa sebuleni kitu kimoja ambacho hakitumiki, uongeze nafasi ya mtu kukaa.
3. Mwulize mgeni mapema asichokula na dawa anazotumia, kisha usilitangaze mezani.
4. Mpe maji ya kuoga, khanga safi na nafasi ya kulala kabla ya kumwuliza habari zote za nyumbani.
5. Usikope ili mgeni ale kuku. Mchicha uliopikwa kwa amani unatosha.
6. Wafundishe watoto wa kiume na wa kike kutandika kitanda cha mgeni na kugeuza viatu vyake.
7. Kama nyumbani mwako kuna kikombe chenye alama, kifute leo.

Wakati tunaondoka Ito, okami na watumishi wake walisimama barabarani wakitupungia mikono mpaka tulipopinda kona. Hatukuwa matajiri, hatukuijua lugha yao, na huenda hatutarudi tena. Walitupungia hivyo hivyo. Bwana atupe akina mama moyo wa namna hiyo kwa yule ambaye hatatulipa kamwe, ambaye labda sasa hivi anatafuta njia ya kuja kwetu na hajui kama atakaribishwa.